Pafu la Tarumbeta

Swalehe, ndugu yangu,

Nakuandikia kwa herufi za misheni. Najua wewe ulisomea za msahafu, na hizi zangu ulizicheka kwamba zinakwenda kinyumenyume. Nadhani mtu akishafika huko uliko anazisoma zote. Kama hazisomi, basi nitakuwa najisemea mwenyewe, nalo si jambo geni kwangu tena, maana tangu uondoke sina wa kusema naye hapa bandani.

Pikipiki bado inakwenda. Naanza na hilo kwa sababu ndilo ungeliuliza kwanza, kabla hata ya hali yangu. Bwana Haraka, Mjerumani wetu wa boma, amenikabidhi mimi. Treni ikiingia nashuka nayo stesheni, nachukua barua za boma, narudi. Zamani ilikuwa inawaka kwako tu, mimi nikiisukuma inanitoa jasho mpaka nalaani na wewe umekaa pembeni unanicheka: "Mgogo, hiyo si ng'ombe, usiipigie mluzi!" Sasa hatua chache tu inawaka. Imenikubali upesi mno, na sipendi ilivyonikubali.

Nikwambie kweli, naiogopa. Upepo wa Dodoma unaujua. Mchana unashuka kutoka Mlimwa na vumbi lake, unaingia bandani, unapita kwenye mdomo wa lile tarumbeta ulilolifunga kwenye injini, na pikipiki inaguna. Imezimwa, haina mtu, inaguna. Mara ya kwanza niliitika. Nilisema, "Naam, nakuja," nikainuka na spana mkononi, ndipo nikakumbuka. Siku hizi nachomeka kitambaa. Lakini nikishakichomeka naona kama nimemziba mtu mdomo, roho inaniuma, nakitoa tena.

Wala si upepo peke yake. Nikiwa njiani nahisi uzito nyuma yangu, pale kwenye kibao cha mizigo. Sigeuki. Shingo inakakamaa kwa kujizuia nisigeuke.

Hivi unakumbuka ilivyoletwa? Ilikuwa ikikohoa moshi mweusi kama jiko la kuni mbichi, na kwenye kimlima cha boma inazimika. Bwana Haraka akatueleza kwamba imeundwa kwa ajili ya hewa nzito ya kwao, na huku kwetu juu hewa ni nyepesi, kwa hiyo inameza petroli nyingi na hewa kidogo. Kile chombo kinachochanganya hivyo viwili alikiita kwa neno refu la kukwaruza koo. Wewe ukakiita pafu, na mpaka leo boma zima linasema pafu, pamoja na Bwana mwenyewe.

Siku zile ulikuwa ukipanua koo la pafu kidogo kidogo kwa tupa, unalilainisha kwa mchanga na mafuta, unalifunga, unawasha. Kisha unachukua mswaki wako wa kijiti, ncha moja unaiuma, ya pili unaigusisha kwenye injini, unafumba macho na kusikiliza kwa meno. Tulijaribu kuiwekea mdomo wa bati, ukapasuka. Tukajaribu pembe ya mbuzi, ikanuka banda zima kwa joto. Halafu punda wa askari akakanyaga tarumbeta, wakalitupa, wewe ukalikimbilia kama mtu aliyeona nyama. Ulikata ule mdomo wake mpana, ukauunga kwenye pafu, na pikipiki ikavuta pumzi. Sina neno jingine. Ilivuta pumzi ndefu, ikanguruma kwa sauti ambayo mashine nyingine yoyote haina, si hapa, si Kilimatinde. Ulinishika mabega ukanitikisa. Mswaki ulikuwa bado mdomoni.

Na siku ile uliposhindana na treni mpaka Ihumwa, mimi nilikuwa nimening'inia kwenye behewa la mizigo. Nilikuona ukitupita. Sauti ilitufikia kwanza, kisha wewe, kisha vumbi tu, na dereva wa treni akipiga honi kwa hasira. Nilipiga kelele mpaka nikakauka. Sijawahi kufurahi vile, Swalehe, na nadhani sitafurahi tena.

Kisha ukaenda Kondoa kwa arusi ya binamu yako, ukalala kwenye kambi ya wapagazi, papasi, wale kupe wa sakafuni, wakakuuma. Homa ikaja, ikaondoka. Tukasema umepona, ukashika tupa yako. Ikarudi. Ikaondoka tena, nawe ukanitania kwamba homa hii haina pafu zuri, inakatakata. Iliporudi mara ya mwisho haikukuachia hata nafasi ya kusema neno. Tulikuzika alasiri, nami nilisimama mbali kidogo na wenzako waliokuwa wakiomba, nikaomba kwa njia yangu.

Sasa nifike kwenye lililonifanya niandike. Ni mama yako.

Nyumba yake iko kando ya njia ya stesheni, unajua. Tangu wiki ile ya kwanza, nikipita na pikipiki, anatoka. Anaacha anachofanya, anasimama mlangoni na kuita, "Swalehe!" Haiti kwa kilio. Anaita kama mtu anayemwita mwanawe aje kula. Majirani wakaanza kushika midomo. Arobaini ikafika, walimu wakaja kusoma hitma, mchele na mbuzi viko tayari, mama akakataa. Akasema hakuna hitma itakayosomwa nyumbani kwake. Watu wakaondoka na njaa na manung'uniko. Wakasema akili imemruka, anadhani mwanawe yu hai, kutwa anapita barabarani.

Unajua ni nani waliyemlaumu. Mwalimu wa msikiti alinifuata hapa bandani, kwa upole, akaniambia, "Kijana, unampitishia mama wa watu mzimu mlangoni. Ing'oe hiyo sauti, apumzike, na marehemu naye asomewe." Nilimuuliza Bwana Haraka. Akasema mashindano na treni yamekwisha, nifanye nitakavyo, mradi barua zifike.

Kulitoa ni kazi ndogo. Unafungua bolti, unarudisha kile kifuniko cha zamani chenye wavu, basi. Lakini nilishika spana nikashindwa. Niliwaza, nikilitoa hili, wewe ndiyo utakuwa umenyamaza kabisa. Na nisipolitoa, mama yako atasimama pale mlangoni mpaka naye afe, na hutasomewa. Nililia, Swalehe. Nililia kwa sauti, nikamshukuru Mungu banda lina upepo.

Nikaona siwezi kumfanyia mtu mzima jambo hilo nyuma ya mgongo wake. Nikatembea kwa miguu hadi kwake, kifuniko kiko mfukoni. Nikamkuta anapepeta uwele. Nikamwamkia shikamoo, akaitika, akanipa kigoda. Nikamweleza yote, nikikwama kila mahali: kwamba kuanzia kesho hatasikia tena ile sauti, kwamba mwanawe hayupo, ni mimi tu ninayepita.

Aliendelea kupepeta. Kisha akasema, "Chedego, mimi ndiye niliyemfumba macho. Unadhani sijui alipo?"

Nikakitoa kifuniko mfukoni.

Akasema, "Hitma sijaikataa kwa ubaya. Najua watu. Wakishasoma wanagawa nguo za marehemu, wanagawa vyombo vyake, wanasema basi, yamekwisha. Nikajua siku hiyo hiyo na sauti mtaiondoa. Mtoto ameniachia hiyo tu. Hakuacha mjukuu." Akanyoosha mkono, nikampa kile kifuniko. Akakigeuza, akaupuliza wavu wake, akakirudisha mkononi mwangu. "Wasome kesho kutwa. Nitapika mwenyewe. Ila hiki kitupe."

Nikasimama niage. Akaniita kabla sijafika njiani. Nilidhani atanishukuru. Alikuwa amekasirika, Swalehe, kweli kabisa.

"Na wewe, kwa nini ukifika hapa kwangu unakimbia? Yeye alikuwa akifika hapa anapunguza, naisikia vizuri mpaka inapotea kule stesheni. Wewe unapita kama mwizi. Natoka mbio na miguu hii, nafika mlangoni, vumbi tu. Unadhani naita kwa nini, kama si kukusimamisha wewe?"

Jina langu lilikuwa halimjii upesi akitoka mbio, ndiyo maana aliita lako.

Hitma imesomwa. Palijaa watu. Walimu walikula mpaka wakafungua mikanda, nami nikapewa kanzu yako ile ya arusi, inanibana mabegani. Tarumbeta liko mahali pake. Nimelipaka mafuta. Likiguna mchana bandani bado nashtuka, na ule uzito nyuma yangu haujaondoka. Siku moja pengine nitageuka.

Pumzika, ndugu yangu. Mungu wako na Mungu wangu wakuweke pema. Treni ya kesho inaingia saa za adhuhuri, na nakuahidi hivi: nikifika kwa mama nitapunguza mwendo, nitapita polepole kabisa, mpaka atosheke.

Mimi wako,
Chedego