Milango Inayofunguka Nje

Baba,

Mjukuu wako Nekesa ameng'oa milango miwili ya lile ghala dogo la plaiwudi sasa hivi. Alikuwa amekaa hapa chini kwenye maranda, akashika kile kipande cha mti ulichokiita behewa la kupimia, akakisukuma kwenye reli huku akifanya "puu, puu", mpaka kikaikumba milango niliyobandika jana. Mmoja umeruka chini ya meza. Halafu akainama, akachungulia ndani ya ghala kwa jicho moja, akakuulizia wewe babu yake, "Kuka ako huku?"

Nimeuokota mlango chini ya meza. Nimechukua daftari lako la vipimo nikuandikie kabla sijashika wembe tena.

Ni ile kazi ya Mzee Mutiso, yule dereva wa treni mstaafu mwenye reli ndogo ya mfano iliyojaa chumba kizima kule Komarock. Unakumbuka alivyorudisha vijumba vyako vinne vya plaiwudi, stesheni, ghala la mizigo na nyumba mbili za wafanyakazi, akisema milango ya kuchorwa ameichoka, anataka ifunguke. Alisema stesheni isiyoingilika ni kama kaburi. Ulicheka sana siku hiyo. Ukaniambia, "Hii ni yako, mama, wewe ndio uko na vidole vyembamba." Ukatuacha kabla hatujakata hata mlango mmoja.

Mzee anakuja leo. Kaka Wafula amesema Mzee akiikataa hii kazi, kibanda hiki kinafungwa na vifaa vyako vinapelekwa nyumbani Bungoma. Anasema hakuna mtu hapa Kariobangi atamwita fundi mwanamke aliyeishia darasa la nane.

Nimekata yote mwenyewe, Baba. Nimefuata mstari wa rangi kwa wembe, nikatoa kipande, nikakipiga msasa pembeni kisikwame, nikabandika kitambaa kwa gundi kiwe bawaba, vile ulinionyesha. Lakini kuna jambo hukunionyesha. Milango yote nimeifanya ifunguke nje. Mzee aliandika wazi kwenye karatasi yake kwamba ya stesheni na ya nyumba, kule alikofanya kazi, ilikuwa inafunguka ndani. Nilisoma. Nikafanya nje.

Wewe unajua ni kwa nini. Siku ile ulianguka chooni, ukalala nyuma ya mlango. Nilisukuma, ukafunguka upana wa kidole, ukagota kwenye bega lako. Ukasema, "Ngoja, mama." Nikangoja. Mtu mzima mimi, nikasimama hapo nje nikingoja kwa sababu umeniambia ningoje, nikidhani unajiinua. Jirani yetu Baba Brayo wa mlango wa pili alipofika na mtaimbo, bawaba zilikuwa upande wako, hazifikiki. Tukapasua mbao. Kila kipande kilichotoka kilikuangukia. Nilipokushika mkono ulikuwa bado na joto, ila haukunishika.

Kwa matanga watu walinong'ona, eti fundi wa milango kufia nyuma ya mlango. Walidhani sisikii.

Huo mlango tulinunua mwingine, na nikaugeuza mwenyewe. Keateka, msimamizi wa hizi nyumba za kupanga, alikataa, akasema milango ya ploti yote inafunguka ndani. Nilimwacha aongee huku nikikaza skrubu. Sasa Nekesa anaingia peke yake, na mimi naita kutoka jikoni, "Uko?" Naita tena. Amenichoka. "Niko, mama," anasema, kama mtu mkubwa.

Ghala ndilo lilinishinda. Milango ya upande wa reli ikifunguka nje, treni inaikumba. Ikifunguka ndani, inagonga mizigo. Wewe ulikuwa huachilii jengo kabla hujalipitishia behewa la kupimia, hata mteja akiwa amesimama hapo akiangalia saa. Mimi nilisahau, hasira ilinifunga macho. Mtoto wa miaka mitatu ndiye amekumbuka kazi ya babu yake.

Ngoja niweke kalamu kidogo.

Nimerudi. Nimekata ukanda wa bati kwenye kopo la maziwa, nikaukunja kwa koleo ukawa mfereji, nikaupigilia juu ya mlango wa ghala kwa pini. Pini ya pili nimeitia kwenye mlango, inaning'inia ndani ya huo mfereji. Sasa unateleza kando ya ukuta. Hauendi ndani wala nje. Mtu akilala nyuma yake, bado unafunguka. Nimeupeleka na kuurudisha mara nyingi, Baba, nimeshindwa kuacha. Halafu nikautengeneza wa pili vivyo hivyo, na Nekesa akapitisha behewa lako. Halikugusa popote. Akapiga makofi, na mimi nikalia kidogo, lakini si kile kilio cha siku zote.

Ya stesheni na ya nyumba sitaigeuza. Nitamwambia Mzee Mutiso mwenyewe, kabla hajauliza, kwamba najua ilikuwa inafunguka ndani, na nitamwambia kwa nini yangu haifunguki ndani. Akikataa atakuwa amekataa kazi ya mtu aliyesema ukweli. Lakini alikaa na wewe miaka mingi akinywa chai kwenye hiki kiti chako kilichovunjika mguu. Nina imani.

Mama Brayo anaita huko nje, anasema kuna mzee wa kofia ananiulizia. Nekesa ameshakimbilia mlangoni.

Kwaheri, Baba. Lala. Nakuahidi hakuna jengo litatoka kibandani hapa bila behewa lako kupita kwanza, na huyu mtoto nitamfundisha kushika wembe akifika umri wangu wa ule mwaka ulinifundisha. Na huu mlango wa kibanda nitautengeneza, ule uliokwama miaka yote huku wewe ukisema mganga hajigangi. Mzee anausukuma sasa. Namwambia aache, hausukumwi, unainuliwa kwanza kidogo ndio ufunguke. Acha niende nimfungulie.