Salamu ya Shangazi Zamda

Shamsa wee, ukipata nafasi soma. Hapa nimeishiwa nguvu.

Cherehani cha marehemu Mzee Uledi kimeenda. Kimeenda shoga yangu, huku shangazi anakiona kwa macho yake kwenye simu.

Si unajua shemeji zake walimuuzia dalali vifaa vyote vya kibanda cha mzee cha kushonea, kule mtaa wa Gerezani? Leo dalali kaviweka mnadani, laivu mtandaoni. Ukitaka kitu unaandika dau lako, basi. Shangazi hajawahi kushiriki mnada wa simu, lakini alisema cherehani hiki ataandikia dau mwenyewe, ni cha mume wake.

Kikaletwa mbele ya kamera. Sindano bado ina uzi mweupe wa ile kanzu aliyoiacha nusu. Shangazi akashika mdomo. Dalali anauliza, "Nani anaongeza?" Shangazi kainama, anaandika kwa kidole kimoja. Namwambia, "Shangazi, andika dau tu." Ananijibu, "Niingie kwa watu bila salamu?"

Bila salamu, Shamsa.

Dalali akasema kimeenda, kimeuzwa. Ndipo ujumbe wake ukatokea, mrefu: "Asalaam aleikum ndugu zangu, poleni na majukumu, hamjambo wote? Mimi ni mjane wa fundi Uledi." Dau liko mwisho kabisa, na limezidi la aliyekichukua.

Dalali akausoma kwa sauti. "Waaleikum salaam mama. Pole sana." Kisha akanyanyua pasi ya mzee.

Shangazi akaiitikia simu, taratibu, kama vile yule dalali anamsikia: "Nimeshapoa, mwanangu."