Nimeuwekea Bandari Mji Usio na Bahari

Mpendwa Shangazi, shikamoo. Naomba msaada wako, na naomba usicheke kabla hujafika mwisho, ingawa najua utacheka tu, maana ofisi nzima imecheka na mimi mwenyewe nimecheka mpaka mbavu zikauma, na hapo hasa ndipo tatizo langu lilipoanzia.

Mimi ni afisa mipango miji kwenye halmashauri ya mji mdogo, mji wa nchi kavu kabisa, hauna bahari, hauna ziwa, na mto wenyewe ni ule wa msimu ambao watoto wanauvuka bila kuvua viatu. Nimeajiriwa juzijuzi, bado niko kwenye kipindi cha majaribio, sijathibitishwa kazini. Mkuu wangu wa idara tunamwita Mzee, ni mtu mpole, amenifundisha kazi kama mwanawe wa kumzaa, na yuko mbioni kustaafu. Nyuma ya kiti chake imetundikwa ramani ya mpango wa zamani wa mji, kona moja imeliwa na mchwa, palipoandikwa bustani ya mapumziko leo ni stendi ya mabasi, na palipoandikwa viwanda watu wamejenga mpaka wamefika barabarani. Kwa hiyo madiwani wakakubali tutafute mtaalamu wa nje aje kuuhuisha huo mpango, atuambie mji ukae vipi miaka mingi ijayo, na Mzee akanikabidhi mimi kuandika hadidu za rejea, yaani yale maelezo ya kazi ambayo makampuni huyasoma kabla ya kuomba zabuni.

Sasa Shangazi, hadidu za rejea hakuna anayeziandika kuanzia sifuri, kila halmashauri inaazima za mwenzake, ndivyo tunavyofanya wote. Nikampigia mwenzangu niliyesoma naye chuo, yeye anafanya kazi mji wa pwani, akanitumia za kwao, nikaiamuru kompyuta itoe jina la mji wao iweke la kwetu, ikabadilisha kila mahali kwa mpigo mmoja, ikakaa vizuri mno, nikafuta sura ya uvuvi kwa sababu hiyo niliiona, nikachapa, nikampelekea Mzee. Sikusoma tena. Mzee naye akatia saini bila kusoma kwa sababu ananiamini, kamati ikapitisha, tangazo likatoka gazetini, na hivyo mji wetu ukapata bandari.

Siku ya usaili tulikuwa wanne mezani, Mzee akiwa mwenyekiti, Bwana Afya wa idara ya afya, Mama Hazina wa fedha, na mimi katibu. Wakaingia wale wa kampuni kubwa, suti kali, picha za majengo ya vioo, na katikati yao kaketi kapteni mstaafu wa meli, shati jeupe, mistari ya dhahabu mabegani, nikajiuliza huyu baba wa watu amepotea njia au vipi, mpaka alipokohoa na kusema, “Bandari yenu ina mustakabali mzuri sana, tatizo ni kina cha maji tu.”

Shangazi, nilisikia baridi mpaka kwenye kucha. Nikafunua kurasa chini ya meza, nikakuta gati, nikakuta ufukwe, nikakuta njia za meli, vyote vina jina la mji wetu. Nikainua macho nikamwona Bwana Afya anatikisa kichwa kwa heshima na kuandika alama za juu, Mama Hazina naye anaandika, na mimi nikaandika, kwa sababu sikujua nifanye nini kingine na mkono wangu.

Wakafuata wanawake wawili wa kampuni ndogo, viatu vyao vimejaa vumbi kwa sababu walikuwa wamezunguka mji kwa miguu kuanzia sokoni mpaka machinjioni. Yule mkubwa wao hata kompyuta hakuiwasha. Akasema, “Samahani jamani, kabla hatujaanza. Bandari tumeitafuta. Tumeuliza sokoni, tumeuliza stendi, kuna mama mmoja fundi cherehani ametucheka mpaka kitambaa kikamponyoka. Hivi iko upande gani?”

Feni inazunguka. Mama Hazina akajikohoza, “Tulimaanisha bandari kavu, ile ya malori na makontena.” Bwana Afya akadakia, “Eeh, kavu! Kavu hiyo!” Yule mwanamke akafungua ukurasa kwa adabu zote, akasoma, “Mmomonyoko wa ufukwe. Na mahali pa kugeuzia meli.”

Mzee ndiye aliyeanza kucheka. Akavua miwani, akajifuta machozi, akashindwa kusema, na sisi wote tukaangua kicheko, hata wale wanawake, na hapo kila mtu akatapika la moyoni. Bwana Afya akasema bandari aliiona tangu siku ya kwanza akadhani kuna mradi mkubwa ambao wakubwa wanatuficha. Mama Hazina akasema na yeye aliiona, akaogopa kuuliza tusije tukamwona mshamba. Sijawahi kufurahi hivyo kazini, Shangazi. Nilihisi nimetuliwa gunia la mchanga kichwani. Zabuni ikasimamishwa palepale, hakuna mkataba uliosainiwa, hakuna senti iliyopotea zaidi ya tangazo.

Kisha Mzee akavaa miwani yake akasema mbele ya wote, “Kosa ni langu. Mimi ndiye niliyempa binti hati ya mji mwingine nikamwambia achape.”

Si kweli. Hakunipa kitu. Nilifungua mdomo, Shangazi, Mungu ni shahidi, lakini hakikutoka kitu, nikaufunga. Baadaye nikamfuata koridoni, akanishika bega akasema, “Niachie hilo, mwanangu. Mimi natoka, wewe ndiyo kwanza unaingia. Wakijua ni wewe, hawatakuthibitisha.” Nikamwambia asante.

Sasa kikao cha baraza la madiwani ni wiki ijayo, Mzee ndiye atakayesimama kueleza kwa nini tunarudia zabuni, na kikao hichohicho ndicho madiwani watakachotumia kumuaga kwa kustaafu. Na habari zimeshavuja. Juzi mlinzi wa getini alimpigia saluti akamwita Kapteni, na jana nimewasikia wa masijala nao wanamwita Kapteni, na yeye anacheka tu, anapunga mkono, anapita. Nikimwangalia mgongoni akipanda ngazi nasikia vibaya.

Lakini nikifika nyumbani, Shangazi, nakula na kushiba, nalala fofofo, nimepona, kazi yangu ipo. Mume wangu, ambaye ni fundi wa majokofu, anasema niache ujinga, mtu mzima amejitolea mwenyewe na hana cha kupoteza. Kinachonitisha ni huo usingizi mtamu. Mtu mwenye roho nzuri angelala hivi? Je, nikubali hisani ya Mzee nikae kimya, au nitaje kosa langu nihatarishe kazi ambayo nimeisubiri tangu nimalize chuo? Nisaidie, kichwa kinaniwaka.

Ni mimi, Binti wa Ramani.

*

Shangazi anajibu:

Marahaba, Binti wa Ramani. Uliniomba nisicheke, nami sikuahidi. Nimecheka kwa huyo kapteni na kina chake cha maji mpaka jirani akaja kugonga mlango kuuliza kama niko salama.

Haya, nianze na la kukupa pumzi, maana unastahili. Umepona kweli. Mji haujaharibika, mkataba haujasainiwa, na hakuna mama aliyebomolewa nyumba yake kupisha meli. Kosa lililodakwa mezani ni kosa la heri, na wewe kulifurahia si ubaya wa roho. Ungekuwa na roho mbaya usingeniandikia kurasa zote hizi. Lala, mwanangu, usingizi haujawahi kumdhuru mtu.

Kuazima hati ya wenzako nako sikulaumu, nimekaa maofisini miaka mingi, najua mnavyoishi. Ninachokulaumu ni kutuma mbele karatasi ambayo hujaisoma. Watu watajenga, watazika, watapeleka watoto shule kufuata karatasi hizo, na wewe ulikuwa na haraka ya nini? Na hao wenzako wawili walioona wakanyamaza wasije wakaonekana washamba, wape salamu zangu, waambie wameonekana hivyohivyo.

Sasa tukae sawa. Unaniuliza kama ukubali hisani ya Mzee. Binti, ulishaikubali. Uliikubali pale koridoni uliposema asante. Swali lililobaki ni kama utairudisha, na jibu langu ni kwamba utairudisha, tena kabla ya kikao.

Mumeo anasema Mzee hana cha kupoteza. Mwulize mumeo hivi: siku fundi mwenzake atakapounguza jokofu la mteja na lawama ikamwangukia yeye, siku ya mwisho ya kufunga karakana yake, atasema hana cha kupoteza? Mtu anayestaafu anaondoka na vitu vichache sana. Cheo anakiacha, ofisi anaiacha, hata kiti chenyewe si chake. Anachokwenda nacho nyumbani ni jina, na hilo jina sasa hivi walinzi wanalipigia saluti za kejeli getini. Wewe unasikia, unapanda ngazi nyuma yake, halafu unanyamaza. Hapo nimekukasirikia, sikufichi.

Huo wepesi unaousikia ukifika nyumbani ni wa kuazima, na kwa kuazima nadhani umeshapata funzo. Kuna wepesi mwingine, wa kwako mwenyewe, ambao hauhitaji mtu mwingine achekwe ili wewe ushibe. Huo ndio nataka uupate.

Kwa hiyo fanya hivi. Kesho asubuhi nenda kwa Mzee, funga mlango, mwamkie, kisha mwambie umeamua kusema ukweli. Usimwombe ruhusa. Ukimwomba atakunyima, kwa sababu anakupenda, na sauti za wazee tunazijua, atasema “mwanangu” mara mbili wewe utalegea. Mwambie umekuja kumpa taarifa tu. Akikasirika, mwache akasirike. Ukitoka hapo nenda kwa mkurugenzi wako, umweleze kwa mdomo wako: niliazima, sikusoma, nimejifunza. Usilie. Usimtaje rafiki yako wa pwani, wala usiseme kamati nayo haikuona. Hayo ni ya kweli, lakini si ya kusemwa na wewe.

Watakufukuza? Sidhani. Kijana anayekuja mwenyewe kusema nimekosea ni adimu maofisini, na mkurugenzi mwenye akili atajua amepata mtu wa kubaki naye. Lakini sitakudanganya, si wakurugenzi wote wana akili. Wakikunyima hiyo kazi, utaumia, utalia, na utatafuta nyingine ukiwa unaweza kumtazama mtu yeyote usoni. Mimi nakuombea ubaki.

Na usiende mikono mitupu. Kabla ya kikao, vaa viatu vya kutembelea, zunguka mji wako kama walivyozunguka wale wanawake, kuanzia sokoni mpaka machinjioni, uone pale maji ya mvua yanapokwama, pale watoto wanapovukia barabara kwenda shule, nani kajenga wapi na kwa nini. Kisha kaa uandike hadidu mpya kwa mkono wako, za mji wako, usome kila mstari kwa sauti, na mumeo asikilize. Humo weka sharti kwamba kampuni yoyote inayotaka kazi ije kwanza iuone mji kabla ya usaili. Na wale wanawake msiwape kazi kama shukrani. Waje washindane kama wengine. Waliokuwa tayari kutembea juani bila kuahidiwa kitu hawatauogopa ushindani wenu.

Siku ya kikao utakaa karibu na Mzee, kwa sababu wewe ndiye mwenye makabrasha. Hata kama mmeshakubaliana, atajaribu. Nawajua watu wa namna ile, ajenda ikitajwa ataegemea meza ajiinue ili akutangulie kusema. Lakini yeye ni mtu mzima, ataanza kwa kusogeza kiti, atafute miwani, akohoe kidogo. Wewe magoti yako bado mepesi. Simama kabla yake.