Mstari Uliokubali Kupinda

Mjukuu wangu,

Mimi mzima, cherehani nzima, paa linavuja palepale. Wewe huandiki mpaka ukemewe. Vidole vyako vya nini?

Michoro yako ya urefu wa mikono kwa umri imefika. Ule wa mstari ulionyooka nimeutupa. Ndivyo anavyokata mama yako sare: mtoto akiongeza mwaka, mkono wa shati unaongezwa inchi moja. Wasichana wa miaka kumi na mitatu vifundo vya mikono viko nje, wa kumi na saba vidole vimefunikwa. Mwalimu mkuu amesema sare zikirudi tena, atatafuta fundi mwingine.

Lakini ule wa pili, ambamo uliuacha mstari upinde kufuata vipimo vya daftari langu! Unapanda polepole, unaruka kwenye miaka kumi na moja, kisha unatulia. Nilikaa chini. Miaka arobaini mikono yangu imeyajua hayo, macho hayajawahi kuyaona. Na yule mtoto niliyempima vibaya, nukta yake iko mbali peke yake, mstari umempita tu, haukumkimbilia. Nani kakufundisha adabu hiyo?

Jana mama yako alikata kwa mstari wako. Msichana akavaa, mkono ukakoma kwenye kifundo.

"Mama, mwanangu mchawi!"

"Ni mjukuu wangu. Funga mdomo, shona."

Sasa chora mchoro wa mabega na wa viuno, mikubwa hivyohivyo kama hii. Mkasi nilimwachia mama yako nikasingizia mgongo. Ukweli ni kwamba namba za utepe wa kupimia sizioni tena. Usithubutu kumwambia kabla michoro haijafika; nikiwa nayo nitamwelekeza bila utepe.

Ni mimi bibi yako, fundi bado.