Nilivyompasha Karafuu Siku ya Sabasaba

Shinyanga Mjini,
11 Julai 1968.

Kwa Baba yangu mpenzi, Mzee Bashiri,

Shikamoo Baba. Natumaini barua hii itakukuta kibarazani, miguu umeinyoosha juani, na lile jicho la kushoto limetulia tangu ulipopewa dawa kule hospitali ya Kolandoto. Dada Mwaisha anayekusomea naye namsalimu, na namwomba asiruke mistari kama ilivyo desturi yake. Sisi huku hatujambo. Mke wangu Zuwena anakuamkia sana. Mjukuu wako ameota jino la kwanza na analijaribu kwenye kidole changu.

Karafuu naye ni mzima, Baba. Anakula, anapiga kwato, na jana amenirarua shati.

Najua Ignas, utingo wa basi la Kahama, amekwisha kukufikishia habari kabla yangu. Bila shaka alisimama pale stendi akatangaza kwamba mtoto wa Mzee Bashiri, aliyekulia kwenye zizi la farasi wa mgodini Geita, amemlaza farasi usingizi siku ya mashindano. Habari hiyo ni ya kweli. Ila Ignas hakuona yote, na ndiyo maana nakuandikia.

Unakumbuka wazungu wa mgodi walipoondoka, Mzee Sabiti, huyu tajiri wetu wa ng'ombe, alimnunua Karafuu na kunichukua mimi niwe saisi, mtunza farasi wake. Wewe ulibaki barabarani unafuta macho, ukasema ni vumbi. Basi mwezi wa tano akaja mtu wa Arusha, Bwana Marselino, mfugaji wa farasi. Alipomwona Karafuu akasahau kilichomleta mjini. Kila siku yuko mlangoni kwetu, anataka auziwe.

Mzee Sabiti, wallahi, ni mtu mwema, lakini akiwa mbele za watu mdomo unamkimbia. Akiwa kwenye kahawa na wenzake alitamba kwamba mkoa mzima hakuna wa kumshinda Karafuu. Akamwambia Marselino kwamba Karafuu akishinda mbio za Sabasaba amchukue, na akishindwa basi hafai hata kwa safari ya kurudi Arusha. Wakapeana mikono, watu wakashuhudia. Siku hiyo alirudi nyumbani hakugusa chakula. Mkewe, Mama Zuleha, alimwambia Zuwena kwamba mzee amejifunga mwenyewe na sasa anaona aibu kujifungua. Huyu ni mtu ambaye kila akitoka msikitini alfajiri humwamkia farasi kwanza, mkewe baadaye.

Siku ya Sabasaba tulikuwa Ibadakuli, kwenye uwanda ulio jirani na kiwanja cha ndege. Baridi ilikuwa kali, nami nikampasha Karafuu mwili kama ulivyonifundisha. Kwanza nikamtembeza hatamu zikiwa zimelegea, mpaka shingo ikashuka yenyewe. Kisha mchakamchaka, duara za kulia, duara za kushoto. Nikakaza mkanda wa tandiko mara ya pili, maana bado ana ule ujanja wake wa kujaza tumbo upepo. Halafu mbio fupi, na mwendo wa pole tena. Alikuwa anang'aa, Baba! Bibi mmoja wa Kisukuma alinisalimu mwangaluka ya asubuhi, akauliza kama huyu ni punda aliyepelekwa shule.

Masele, anayempanda farasi wa Bwana Mifugo, alifika amechelewa na hakumpasha wake hata kidogo. Farasi alikuwa mkavu kama mlango. Wa tatu, wa jineri ya pamba, alikuwa na tumbo kubwa kuliko mwenye jineri. Kila mtu alijua nani atashinda. Marselino alikwisha kukodi lori, na kamba mpya ameishika mkononi.

Tukaambiwa tumsubiri mgeni rasmi. Basi nikashuka, nikamvua Karafuu tandiko, nikamsugua mgongo kwa gunia, nikatia mkono mfukoni nikampa kipande cha michembe, vile viazi vitamu vikavu. Akatafuna amefumba macho. Mgeni alipofika nikamtandika upesi, tukaenda kwenye mstari.

Bendera ikashushwa. Masele huyo! Wa jineri huyo! Karafuu akawatazama wanavyokwenda, akashusha pumzi ndefu, akageuka akashika njia ya nyumbani. Nilimpiga visigino, nikapiga kelele, wapi! Alimpita mama wa uji, akazipita baiskeli, nami niko juu kama mzigo wa pamba. Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Marselino aliondoka siku ileile na kamba yake, na mimi sasa mjini naitwa Bwana Usingizi.

Mwaisha, kabla hujaendelea, funga mlango.

Baba, wewe umekwisha kuelewa. Wewe ndiye uliyemzoesha tangu akiwa mtoto kwamba gunia likipita mgongoni na michembe ikifika mdomoni, kazi ya leo imekwisha. Sikusahau. Ile michembe niliitoa nyumbani kwangu asubuhi ile, nikaitia mfukoni. Farasi uliyemvuta tumboni mwa mama yake kwa mikono yako, nimwone anapandishwa lori? Na barua ya kukueleza hivyo ningeiandikaje? Nilishindwa, Baba.

Lakini nimekuchafulia jina, na hilo linaniuma sana. Najua usivyovumilia mtu kusema hata fundo lako limelegea. Leo nakuomba uvumilie. Wakikucheka stendi, waambie mtoto wako alikuwa mzito tangu zamani. Tafadhali usinitetee, maana Marselino akisikia atarudi.

Nilikaa siku tatu nangoja kufukuzwa kazi. Leo alfajiri Mzee Sabiti amekuja zizini, akamwamkia Karafuu, akamkuna shingo muda mrefu bila kuniangalia. Kisha akaniambia kwamba tangu azaliwe hajaona saisi mjinga kama mimi. Akasema Marselino ameacha salamu kwamba mwakani atapita tena, aone kama farasi ameamka. Nikainamisha kichwa. Mzee akatia mkono kwenye mfuko wa kanzu, akatoa kipande cha michembe akanikabidhi, akasema Sabasaba ijayo nimpashe vilevile.

Nisalimie wote hapo nyumbani, na majirani wanaonicheka pia. Jicho lako ulitunze, nataka uje umwone Karafuu mwenyewe baada ya mavuno ya mpunga.

Ni mimi mwanao, ambaye kumpasha farasi anakujua,

Zamoyoni Bashiri