Mkwe Wangu Ndiye Fundi wa Umeme, na Breka Imepasuka

Mpendwa Mama Hosiana,

Nakusalimu kutoka Korogwe, naomba unisaidie kabla sijaharibu nyumba au ndoa ya mwanangu, na mwandiko wangu unisamehe maana shule niliishia darasa la nne.

Mimi nilihama Kwedizinga baada ya baba yao kufariki, nikajenga hapa vyumba vitatu, na transfoma ya mtaa imesimama nyuma ya choo changu, nikafurahi kweli, nikasema sasa nimepata umeme wenye nguvu, siyo ule wa kijijini unaowaka mwekundu kama sigara. Mume wa binti yangu Rukaya ni fundi umeme, hakusomea, lakini Kwedizinga nusu ya nyumba kafunga yeye, akasema nyumba ya mama haifungwi na mtu mwingine, na akaifunga bure, hata vifaa kanunua mwenyewe, nikamwombea dua.

Sasa juzi napiga pasi, waya wake ulikuwa umechubuka, ikapiga shoti. Nilitegemea breka ijizime kama inavyojizimaga, badala yake kikatoka kishindo, breka ikapasuka, kifuniko kikarukia kochi na ukuta ukawa mweusi, alhamdulillahi sikuumia. Mkwe akaja akaunganisha waya moja kwa moja bila breka ili nisikae giza, akamwambia Rukaya kwamba ataleta breka ya aina ile ile ila ya amp kubwa. Mimi nikaichukua iliyopasuka nikaenda nayo kwa Dhaval, ana duka la vifaa vya umeme hapa mjini, akaniuliza transfoma iko wapi, nilipomjibu akasema, "Mama, hii si ya kufunga hapo, hata ya amp kubwa itapasuka tu." Nikadhani ananiuzia cha ghali, nikaondoka, lakini lile neno limenikaa.

Shida ni hii, Rukaya ana mimba ya kwanza na anakuja kujifungulia kwangu, na chumba cha mzazi kimepakana na ukuta ule ule, kichwa cha kitanda kiko pale. Na yule ni mkwe, kwetu mkwe hatutazamani usoni, hata jina lake sijaliandika hapa, akiingia sebuleni mimi natokea jikoni, nitamwambiaje kazi yako mbovu? Ya ndoa yote yalipitia kwa mshenga, Mzee Semboja, lakini haya ni ya waya, nitamtumaje mzee wa watu? Nikamgusia Rukaya habari ya fundi mwingine, akaniambia, "Mama, ukimwaibisha mume wangu, nitazalia huku huku." Nifanye nini?

Mama Rukaya, Korogwe

Mama Rukaya,

Pole kwa kishindo hicho. Kabla ya kukujibu nimemuuliza fundi mwenye leseni, kwa hiyo haya sikuyatunga.

Nianze na kukugombeza. Aibu umeiandikia nusu barua, waya uliounganishwa bila breka umeupa mstari mmoja, na huo ndio ulionishtua. Usiuguse. Pigia simu ofisi ya umeme leo, waje wakukatie kwa muda. Taa ya sola itakutosha. Hiyo pasi itupe, na kitanda kisogeze mbali na ukuta huo.

Mkwe wako si mzembe. Kule Kwedizinga nyumba nyingi ziko mbali na transfoma, na waya mrefu hupunguza ukali wa shoti, ndiyo maana breka zake hazikumwangusha. Kwako njia ni fupi, shoti inafika na nguvu zake zote. Breka ina namba mbili. Ya amp ni kiasi cha umeme inachopitisha mkitumia kawaida. Nyingine imo ndani ya kiboksi kidogo, mara nyingi ni elfu tatu, sita au kumi, nayo ni ukubwa wa shoti ambayo breka inaweza kuikata bila yenyewe kupasuka. Mkwe anaikuza ya kwanza, ugonjwa uko kwenye ya pili. Akiongeza amp, waya za ndani zitachemka na breka itakaa kimya. Dhaval alikwambia kweli, ingawa hata yeye asikisie: fundi mwenye leseni apime kwa kifaa ukali wa shoti pale umeme unapoingia, ndipo breka ichaguliwe.

Unasema ya waya hayamhusu mshenga. Nani kakwambia? Anapolala Rukaya na mtoto ni jambo la ndoa kuliko mahari. Nenda kwa Mzee Semboja, mpe ile breka iliyopasuka aende nayo. Amwambie mkwe, "Mama anakushukuru, na anakuomba umletee fundi mwenye leseni, mpime pamoja, maana hapa ni jirani na transfoma." Fundi aje akiwa ameitwa na mkwe. Ukimwingiza wewe kwa mlango wa nyuma, hapo ndipo utakuwa umemvua nguo.

Akikataa, mwambie Rukaya wazi kwamba hatajifungulia kwenye nyumba ile mpaka ipimwe. Akasirike, utamwomba radhi akiwa mzima. Lakini sidhani kama mtu aliyekufungia nyumba bure atakataa.

Wakishapima, kazi aifanye mkwe kwa mkono wake, mwenye leseni akimsimamia na kuikagua. Wewe paka ukuta ule rangi. Rukaya akiuliza nani ametengeneza umeme, mjibu kweli: mumeo.

Mama Hosiana