Uongo Niliousema Mlangoni kwa Tumaini

Tukuyu, Jumapili

Mama Tumaini mpendwa,

Nakusalimu kutoka kwenye mvua. Tangu nifike, habari za jua nazisikia kwa majirani tu.

Binti yetu amekonda. Juzi aliwaondoa watoto wawili katika nyumba moja huko Kyimo, na tangu siku hiyo hapati usingizi. Mkuu wake kazini amemwambia kwamba afisa ustawi wa jamii huzoea. Yeye hajazoea. Leo, tulipotoka kanisani, nilipika ndizi kwa maziwa, naye akasinzia kwenye kiti kabla sijapakua.

Mara hodi. Alikuwa mama mmoja wa Nkunga, amelowa chapachapa.

"Shikamoo, baba. Namwomba dada wa ustawi. Mwanangu amepigwa tena na baba yake."

"Hayupo," nikamjibu. "Amesafiri."

Mimi, mke wangu, nilisema hivyo! Kumbe Tumaini alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Baba, ulinichapa kwa uongo mdogo kuliko huo," akasema. Alichukua mwavuli wangu, wakaondoka pamoja. Nimeona aibu, lakini nikibishiwa hodi tena akiwa amelala, nitasema vilevile.

Sasa ndizi zimepoa na bado hajarudi.

Nakuomba umpigie simu. Usimwulize habari za kazi. Mwulize kama amekula. Hapa wote wanaokuja kwake wana shida zao, na hakuna anayemwuliza hilo.

Jifunike vizuri, mama. Nimekukumbuka.

Mumeo,
Baba Tumaini